Uliza Jikoni: Bageti ya kweli huku ugenini naipata wapi?

Mwezi huu barua ni mkate tupu. Sijui mmeambiana au vipi, mana nimefungua ya kwanza mkate, ya pili mkate, ya tatu mtu kanitumia picha ya bageti, ule mkate mrefu mwembamba wa Kifaransa, imelala kwenye sahani kama imezimia. Basi wale wa maharage yasiyoiva na sufuria zilizoungua mnisamehe, zamu yenu inakuja. Kwa msionijua, nimekaa Marseille, Ufaransa, miaka tisa, na mitatu kati ya hiyo nilikuwa nauza kaunta kwenye bekari moja ya mtaani. Sikuwa mwokaji mie, nisiwadanganye, ila ukisimama hatua nne kutoka kwenye tanuri miaka mitatu kuna vitu utavijua hata kama hutaki.

*

Anti shikamoo. Mimi nimesoma Lyon nikakaa kule miaka sita, sasa mume wangu kapata kazi Houston tumehamia mwaka jana. Anti, nakonda kwa ajili ya mkate. Supamaketi wanauza kitu kimeandikwa French bread, kirefu kweli, ila ukikibonyeza kinarudi kama godoro na ndani nasikia sukari! Nikaenda bekari moja imechorwa mnara wa Eiffel dirishani, bageti moja dola sita, na yenyewe imenyong'onyea vilevile. Mume wangu anasema mkate ni mkate. Hivi nitaipata ya kweli au nisahau tu?
Nakonda, Houston

Marahaba mwanangu. Mumeo msamehe bure, hajakosa kitu ambacho hajawahi kukila.

Ila nikuulize, kule Lyon ulikuwa unanunua bageti gani? Mana hata Ufaransa kwenyewe zipo mbili kwenye kaunta hiyohiyo, ya kawaida na ile wanayoiita tradition, inazidi bei kwa senti chache tu, na watu wengi wanaoniandikia wanaililia hiyo ya pili bila kujua jina lake. Hii tradition inalindwa na sheria kabisa, amri ya serikali ya tarehe 13 Septemba 1993, inasema unga wa ngano, maji, chumvi, na hamira au chachu, basi, dawa za kuupa unga nguvu hakuna, na donge lisigandishwe kwenye friza hatua yoyote ile. Wameruhusu vitu vidogo mno kama unga wa maharage ya fava, usizidi asilimia 2. Halafu 1998 ikaja nyingine, kwamba duka lisijiite boulangerie, yani bekari, kama halikandi, haliumui na halioki palepale.

Na usidhani walitunga hizo sheria kwa kujidai. Walitunga kwa sababu mkate wao ulishaharibika! Kuanzia miaka ya 1950 zilikuja mashine za kukanda kwa kasi, donge linapigwa mpaka linakuwa jeupe kama pamba, linaumuka haraka, linajaa upepo, ladha hakuna. Supamaketi nazo zikaingia na donge la kiwandani lililogandishwa, mtu anatia kwenye oveni anajiita mwokaji. Kwahiyo bageti mbaya utaikuta hadi Paris, tena nyingi tu. Tofauti ni kwamba kule jina lina mlinzi, ukishavuka mpaka halina tena, Houston mtu yeyote anaandika Kifaransa chake dirishani na hakuna wa kumuuliza.

Sasa ya kuangalia. Ugeuze mkate chini juu. Ukikuta tako lake lina vidotidoti vimepangana kama nyavu, umeokwa kwenye trei yenye matundu, na mara nyingi (sio zote jamani) huo umetoka kiwandani umeganda. Uliookwa juu ya jiwe chini yake bapa, una vumbi la unga. Ncha ziwe hazifanani, moja kali moja butu, mana mkono wa mtu haukati kama mashine. Ukiumega, ndani pawe na rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, matundu makubwa na madogo yamechanganyikana. Ukiona jeupe pee na matundu sawasawa kama sponji ya kuogea, rudisha. Na karatasi ya viungo, kama inafika mstari wa pili achana nayo.

Halafu sikio. Tulikuwa na bibi mmoja Mngazija, Marseille wamejaa Wangazija unajua, anakuja kila siku kabla ya saa sita, hachukui mkate mpaka ausikilize. Anauminya kidogo hapa karibu na hereni, ukilia kama majani makavu anaweka hela kwenye kisahani, ukinyamaza anaurudisha na kusema maneno kwa Kingazija chake, ambacho mie Mswahili nakielewa nusu, na hiyo nusu siwezi kuiandika hapa. Bosi alikuwa akimwona anaingia anatoa ya motomoto mwenyewe.

Kwa hapo Houston, mie ningeanza na Bellaire Boulevard, kwenye bekari za Wavietnamu. Usicheke. Wafaransa walitawala kule mpaka 1954 wakaacha mkate, na vita vilipoisha 1975 Wavietnamu wengi wakakimbilia Marekani, Houston ikiwa moja ya miji yao mikubwa. Mkate wao sio tradition, nakwambia mapema usije ukanilaumu, ganda jembamba, ndani mwepesi kama hewa kwa sababu umetengenezwa ubebe nyama na achari na giligilani za banh mi, sandwichi yao. Lakini unatoka motoni mara kadhaa kwa siku, unalia, na bei yake haikutoi machozi. Ukila huo na siagi asubuhi nusu ya njaa yako itaondoka. Nusu nyingine katafute kwenye masoko ya wakulima ya Jumamosi, kule wapo waokaji wadogowadogo wa mkate wa chachu, wengi wana bageti chache mezani zinaisha saa tatu. Usiwaulize kama ni ya Kifaransa, watakwambia ndio. Waulize imetoka motoni saa ngapi na donge lilikandwa lini. Akijibu "jana jioni" huyo ndo wako. Akianza kukueleza babu yake alikuwa Mfaransa, nunua nyanya uende zako.

Ukipata nzuri nunua tano, zikipoa zifunge vizuri uweke friza siku hiyohiyo. Ukitaka kula unaitoa na barafu yake, inaingia oveni ya digrii 200 dakika kama kumi. Hiyo ndo friza halali, ile iliyokatazwa na sheria ni ya donge.

*

Assalaam aleikum. Nipo Maskati, asili yetu Unguja. Kuna duka hapa karibu na kwetu wanaoka bageti nzuri sana asubuhi, inavunjika mkononi, lakini ikifika Alasiri imekuwa mpira. Mke wangu anaiweka kwenye friji na mfuko wa plastiki isiharibike, bado. Tunakosea wapi? Na je, bofulo letu la nyumbani na hii bageti ni ndugu?
Baba Watatu, Maskati

Waaleikum salaam. Duka halina kosa, plastiki na friji ndo wachawi wenu.

Bageti haina mafuta, haina maziwa, haina sukari, yani haina cha kuifanya ikae. Ndani ina maji mengi, ganda lake kavu, basi kuanzia dakika inapotoka motoni maji ya ndani yanatembea kwenda nje. Ukiifunga plastiki yale maji hayana pa kutokea, yanabaki kwenye ganda, ndo huo mpira. Na Maskati na unyevu wa bahari wakati wa joto, hewa yenyewe inalowesha mkate hata kama hujaufunga. Friji sasa ndo mbaya kuliko zote, ubaridi ule wa juujuu unafanya wanga wa ngano ujikaze haraka, mkate unachakaa upesi kuliko ungeuacha mezani. Mwambie mama watoto kwa upole, usimwambie mie nimesema ni mchawi.

Bageti ni mkate wa masaa manne matano, mwisho wa habari. Ndo mana Wafaransa wanaenda bekari mara mbili, asubuhi na jioni wakitoka kazini, na tulikuwa tunaoka tena saa tisa alasiri kwa ajili hiyo. Kwahiyo muulize mwenye duka kama anaoka mara ya pili, na kama haoki muombe, mkiwa wateja kumi mnaomuomba ataoka. Nyumbani iache kwenye karatasi au kitambaa. Ikishalainika, washa oveni digrii 200, pitisha mkate chini ya bomba haraka, yes chini ya maji, ulowe kidogo juu, uingize dakika tano sita. Utalia tena kama asubuhi. Lakini ule hapohapo, mana hauna maisha ya tatu.

Bofulo na bageti wanafanana umbo tu, kama watu wawili wamevaa kanzu. Bofulo la kwetu limekusudiwa kuchovya, kwenye chai au kwenye mchuzi, linatakiwa linywe, kwahiyo ganda lake laini na hakuna anayelisikiliza. Mie bofulo la moto na chai ya maziwa siwezi kulibadilisha na bageti yoyote, ila ukinipa jibini hapo tutaongea lingine.

*

Dada habari. Nipo Dar, Tabata. Nilikaa Brussels nikazoea bageti, hapa nikinunua naona ni mkate wa kawaida umevutwa. Nataka nioke mwenyewe. Nina oveni ya gesi, nimejaribu mara tatu kwa kufuata video, zinatoka ngumu nje na ndani kama ugali. Na moja ilinilipukia pembeni. Nisaidie kabla gesi haijaisha.
Mpenda Ganda, Dar es Salaam

Nzuri mdogo wangu, pole na gesi. Video nyingi zimepigwa kwenye nchi ambayo jikoni kuna digrii 20, wakisema acha lisaa limoja wewe Tabata na joto lako lisaa hilo ni kama masaa mawili. Ukienda na saa zao utachelewa daima.

Unga kwanza. Usitafute ule wenye nguvu kupita wote ukidhani ndo mzuri, wengi wanakosea hapo. Unga wa Wafaransa ni wa wastani, protini kama 11 hivi kwa mia, wanauita T55 au T65, na hiyo namba wala sio nguvu, ni majivu, yani ukichoma gramu 100 za T65 yanabaki majivu kama gramu 0.65, kadiri namba inavyopanda ndivyo pumba zinavyoongezeka. Chukua unga mweupe wa kawaida wa nyumbani, sio wa keki unaojiumukia wenyewe. Na nunua mizani. Vikombe ndo vimekupa ugali.

Gramu 500 za unga na gramu 330 za maji ya baridi, ya friji kabisa, changanya mpaka usione unga mkavu, funika, ondoka nusu saa. Hiyo nusu saa isiyo na chumvi wala hamira aliiingiza kwenye uokaji profesa mmoja Mfaransa, Raymond Calvel, miaka ya 1970, na ni kitu cha ajabu, ukirudi donge limejikanda lenyewe, lilikuwa linachanika sasa linavutika. Ndo utie hamira kavu nusu kijiko cha chai, nusu tu, na chumvi gramu 9. Fumbata mpaka viingie. Sasa usikande kama chapati! Kila baada ya dakika ishirini lowesha mkono, shika upande mmoja, vuta juu, kunja katikati, zungusha bakuli, pande nne, acha. Fanya hivyo mara tatu. Halafu bakuli lifunike liingie friji mpaka kesho, masaa 12 mpaka 16. Huko kwenye ubaridi ndo ladha inatengenezwa, hamira inalala ila haifi. Umeme ukikatika usiku usifungue mlango wa friji na usipaniki, ukikatika muda mrefu oka mapema zaidi basi.

Kesho yake gawa matatu, bila kuyaminya upepo wote, yapumzike robo saa ndo uyavute marefu, na yawe mafupi kwa oveni yako, sentimita 35 inatosha, hakuna polisi wa urefu Tabata. Yalaze kwenye kitambaa chenye unga, ukikunja kitambaa katikati yasishikane, kwa joto la Dar dakika 30 mpaka 40. Bonyeza na kidole, alama ikirudi taratibu na sio yote, yapo tayari. Ikirudi fyatu, bado. Isiporudi kabisa, umechelewa, geuza iwe pizza.

Hiyo iliyolipuka pembeni ni kwa sababu hukuichanja, au ulichanja kwa woga. Mkate ukiingia motoni unataka kupanuka kwa nguvu na usipoupa mlango utajitobolea wake. Chukua wembe mpya, ulaze, usiusimamishe, chanja kama unataka kuchuna ngozi, mistari mitatu inayofuata urefu wa mkate na sio kukatiza.

Na huo ugumu wa nje ni kukosa mvuke. Tanuri za bekari zinapuliza mvuke dakika za mwanzo, ganda linabaki laini muda wa kutosha mkate upande, halafu linang'aa na kuwa jembamba. Bila mvuke linajifunga mapema linakuwa gamba la kobe. Kwahiyo washa oveni mpaka mwisho wake nusu saa kabla, mwisho wa hizi za gesi huwa kama 230 au 250, weka trei ndani ipate moto nayo, na chini kabisa sufuria ya zamani tupu. Ingiza mikate, mimina kikombe cha maji yanayochemka kwenye ile sufuria, funga mlango haraka. Dakika kumi za kwanza usifungue, kisha toa ile sufuria, acha nyingine 12 mpaka 15, mpaka rangi iwe ya asali iliyoungua kidogo. Watu wa kwetu tunatoa mapema, tunaogopa rangi.

Halafu kitu kimoja, nakuomba, kabla ya kumimina maji funika kioo cha mlango kwa taulo kavu. Mie matone mawili tu yalinidondokea kwenye kioo kikiwa cha moto, paaa, kikapasuka chote, nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba alikata kwenye dipoziti mpaka na senti za mwisho. Bageti zenyewe zilitoka nzuri lakini tukazila zikiwa na wasiwasi wa vigae.

Ya kwanza itatoka mbaya umbo. Kula. Nipigie picha ya tatu.

*

Jambo mama. Miye niko mutu wa Bukavu, niko naishi Toronto. Naoka mikate ku nyumba nauzisha batu ba kanisa, sasa nataka kufungula duka ndogo. Mufaransa moya aliniambia kama baguette ya kweli haiwezi tengenezwa na mutu mwenye hakuzaliwa Ufaransa. Ni kweli? Na ku affiche niandike "mukate ya Kifaransa" ao nisiandike?
Mama Mukate, Toronto

Jambo sana mama. Huyo bwana ana uhuru wa kusema, lakini Paris yenyewe haikubaliani naye. Kule kila mwaka kuna shindano la bageti bora ya jiji, majaji wanaonja bila kujua ya nani, na kabla hata ya kuonja wanapima urefu na uzito, mikate kibao inatupwa nje kwa kupungua gramu chache, chumvi nayo imepangwa gramu 18 kwa kilo ya unga. Mshindi anapata yuro 4,000 na anapeleka mkate Ikulu ya Élysée mwaka mzima. Sasa aliyeshinda 2010 ni Djibril Bodian, mzaliwa wa Senegal, anaoka Montmartre, akarudi akashinda tena 2015. Na 2023 ameshinda Tharshan Selvarajah kutoka Sri Lanka. Rais wa Ufaransa amekula mkate wa mtu wa Sri Lanka asubuhi mwaka mzima na hakulalamika. UNESCO nao walipoiweka bageti kwenye orodha ya urithi, Novemba 2022, walichokiandika ni ufundi na utamaduni wa bageti, na ufundi mtu anajifunza.

Toronto baridi yake ni rafiki yako, donge litaumuka taratibu lenyewe, mwenzio wa Tabata angelipa hela apate hiyo hali ya hewa. Shida itakuwa ganda la kiangazi na watu kutaka mkate ukae siku tatu. Usikubali, usitie mafuta wala sukari kwa ajili yao, waokee mkate mwingine wa slesi wawe nao.

Kwenye bango mie nisingeandika Kifaransa. Andika jina lako, na chini yake saa mikate inapotoka motoni, kwa mfano saa moja asubuhi na saa kumi jioni, kwa maandishi makubwa. Na ukiandika saa kumi, iwe saa kumi kweli, mana huyo Mfaransa wako atakuja kuchungulia.